Mbegu za valeriani hazioti, wenye uzoefu naombeni msaada

nasra_mitishamba

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina kabustani kangu ka mitishamba, kuna mnanaa, rosemari na kamomili, zinaenda vizuri tu sina malalamiko, sasa nimetaka kuongeza valeriani, ile yenyewe ya mizizi ya usingizi, Valeriana officinalis. Nataka nioteshe mwenyewe kwa sababu mizizi iliyokaushwa ukiinunua huwezi kujua imekaa muda gani wala imekaushwaje, mi napenda mmea nianze nao kwenye mbegu mpaka kwenye kikombe.

Tatizo ni mbegu. Nimesia kwenye trei, nikafunika na udongo kidogo kama ninavyofanya kwa mbegu zingine, nikamwagilia, nikaweka dirishani penye mwanga. Hii ni wiki ya tatu na imeota miche miwili tu wakati trei nilijaza. Pakiti haina tarehe, ina jina la mmea na picha ya maua ya pinki basi. Kuna mtu kaniambia ilitakiwa nizilaze kwanza kwenye friji, mwingine kasema valeriani haiotagi kwa mbegu nitafute mche tu. Hivi nani mkweli hapa? Na ikiota, mizizi nachimba baada ya muda gani, na je naweza kuilea kwenye ndoo au lazima iwe ardhini? Nina paka pia, nasikia paka na huu mmea hawaachani. Naombeni msaada, natanguliza shukrani.

---

mzee_wa_kitalu

Dada Nasra salama kabisa. Huyo aliyekwambia haioti kwa mbegu mwambie inaota, tena ikishazoea sehemu inajisia yenyewe mpaka unaanza kuing'oa. Ila mbegu zake zina mambo mawili ambayo usipoyajua utaona kama umeuziwa makapi.

La kwanza ni umri. Mbegu ya valeriani haitunziki. Kuna mbegu unaweza kukaa nazo kabatini miaka mitano na zikaota vizuri, hii ukivuka mwaka mmoja uotaji unashuka sana, yani pakiti isiyo na tarehe mimi siinunui hata iwe na picha nzuri kiasi gani. Siku zote uliza zilivunwa lini, muuzaji akishindwa kujibu hilo achana nazo. La pili ni mwanga. Hii mbegu inahitaji kuuona mwanga ili iamke, kwa hiyo ukiifunika na udongo hata nusu sentimita nyingi zinalala humohumo mpaka zinaoza. Unaisia JUU ya udongo, unaigandamiza taratibu na kipande cha ubao au kiganja ili ishikane na unyevu, basi, hakuna kufunika. Ukiona lazima uweke kitu weka vumbi tu la mchanga ambalo bado unaziona mbegu kwa chini.

Sasa kwa sababu iko juu juu inakauka haraka na ikikauka katikati ya safari ya kuota ndo imekufa hiyo, hairudi. Funika trei na plastiki inayopitisha mwanga au kioo, acha upenyo kidogo hewa ipite. Maji usimwage kwa juu maana zitasombwa zote kwenye kona moja, weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo udongo unyonye kutoka chini, ukiona juu pamebadilika rangi toa. Joto la nyuzi 18 hadi 20 hivi linatosha kabisa. Mbegu nzima ukizipa hayo zinaanza kutoka kati ya wiki moja na wiki tatu, hazitoki kwa pamoja, leo mmoja kesho kutwa watatu, kwa hiyo usiimwage trei mapema.

Hiyo trei uliyonayo usiitupe. Kwangua juu taratibu na kijiti cha meno, pengine kuna ambazo bado zima zikapata mwanga zikaamka. Na usia wa pili fanya na udongo mwepesi, mboji iliyochekechwa changanya na mchanga au kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), usiweke samadi kwenye trei ya kuotesha.

---

dirishani_kijani

Mi naomba nitofautiane kidogo na mzee hapo juu kuhusu friji, hajaigusa. Mimi huwa nazilaza kwenye mchanga mbichi ndani ya friji wiki mbili hivi kabla ya kusia na naona zinatoka kwa mpigo mzuri zaidi. Ukifikiria kwao huko Ulaya na Asia mbegu inaanguka mwisho wa kiangazi, inapigwa na baridi, inaota hali ya hewa ikianza kuchangamka, kwa hiyo baridi ipo kwenye maisha yake. Siyo lazima lakini haina hasara.

---

mzee_wa_kitalu

Hatupingani sana mkuu. Ninachosema ni kwamba mbegu iliyotoka kwenye mmea msimu huu haihitaji friji, ukiisia hata wiki hiyohiyo inaota. Friji haiwezi kufufua mbegu iliyokufa na watu wengi wanaishia kulaumu kwamba hawakuweka baridi kumbe mbegu ilishakuwa mzee tangu dukani. Na hasara ipo kidogo, mbegu yenyewe ni ndogo, elfu moja hazifiki hata gramu moja, ukizichanganya na mchanga mbichi zikaanza kuota humo gizani kuzitenganisha ni kazi. Friji mi naitumia kwa kutunza, mbegu kavu kwenye chupa iliyofungwa vizuri, hapo baridi inasaidia zisizeeke haraka.

Dada Nasra kabla hujanunua udongo mwingine fanya jaribio hili. Chukua mbegu kumi zilizobaki kwenye pakiti, tandaza tishu iliyoloa ndani ya kopo la plastiki linaloonyesha ndani, zipange juu, USIIKUNJE tishu maana utazinyima mwanga, funika, weka palepale dirishani. Baada ya wiki tatu hesabu. Zikiota sita au saba mbegu zako nzima na tatizo lilikuwa kufunikwa, ikiota moja au hakuna tafuta mbegu nyingine. Bila hilo jaribio tutabaki tunabishana hapa na jibu liko kwenye pakiti yako.

---

nasra_mitishamba

Mzee wangu Mungu akubariki, kopo nimeliandaa leoleo. Na nimekwangua trei kama ulivyosema nimeziona mbegu kibao zimelala, bapa, za kahawia, nyingine zina kamanyoya juu kama mwavuli. Swali lingine limenijia: ile miche miwili iliyoota majani yake ni ya mviringo, mazima, hayajagawanyika hata kidogo, wakati picha zote za valeriani naziona majani yamechanwa chanwa kama ya fern. Je nimeuziwa kitu kingine?

---

mchunguza_majani

Swali zuri hili na linawachanganya wengi. Majani ya kwanza ya valeriani ni mazima, mviringo wenye kikonyo, halafu yanayofuata yanaanza kuwa na meno pembeni, halafu ndo yanakuja yale yaliyogawanyika, vijani vidogo vimepangwa kulia na kushoto mwa kikonyo kimoja na kimoja kinamalizia nchani. Kwa hiyo subiri mpaka upate majani manne matano ndo utoe hukumu. Ukifinya jani kidogo ukanusa unaweza kupata harufu ya valeriani, japo mizizi ndo yenye harufu kali.

Hofu yako ina msingi lakini, kwa sababu kuna mmea mwingine unauzwa kwa jina la valeriani nyekundu, Centranthus ruber. Ni ndugu wa mbali, maua yake yanapendeza kweli na unapenda ukavu mpaka unaota kwenye nyufa za kuta za mawe, lakini siyo dawa ya usingizi, mizizi yake haina kazi hiyo unayoitafuta. Majani yake yanabaki mazima maisha yake yote, laini, yana rangi ya kijani iliyofifia kama imepakwa poda. Yakifika majani sita na bado hayajagawanyika anza kuwa na wasiwasi. Maua ya valeriani ya dawa ni meupe au pinki iliyopauka sana, siyo yale mekundu ya kukoza, kwa hiyo kama picha kwenye pakiti ni pinki ya kuwaka naomba usome jina la kisayansi upya, jina la kawaida halitoshi kwenye mitishamba.

---

nasra_mitishamba

Nimerudi kwenye pakiti, imeandikwa Valeriana officinalis na pinki yenyewe imepauka, nimepumua. Sasa kuhusu ndoo na muda wa kuchimba jamani bado.

---

mama_mizizi

Mwanangu Nasra hapo ndo penye raha yenyewe, ngoja nikueleze vizuri maana mizizi ndo sababu ya kuupanda mmea huu na watu wanaishia kwenye maua.

Miche ikifika majani manne hivi hamishia kila mmoja kwenye kikopo chake, maji usizidishe hapo maana kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa udongoni, kinaimaliza miche michanga usiku mmoja, unakuta shingo imekuwa nyembamba imelala. Kabla ya kuipeleka nje izoeshe, toa kivulini saa chache, ongeza kila siku kwa wiki moja. Nje ipe nafasi, sentimita 40 mpaka 60 kati ya mche na mche maana ukikomaa na ukitoa shina la maua unafika mita moja na nusu. Unapenda udongo wenye mboji nyingi na unyevu wa kudumu, kwao kiasili unaota pembezoni mwa mito na kwenye mbuga za nyasi zenye majimaji, kwa hiyo ukiupanda pamoja na rosemari yako mmoja atateseka, rosemari anataka kukauka na huyu anataka maji. Mweke karibu na mnanaa, ila mnanaa uwe kwenye chombo chake maana utammeza. Jua la asubuhi anafurahia, kama kwenu jua la mchana ni kali sana mpe kivuli cha mchana, joto kali analivumilia kwa shida.

Ndoo inafaa kama ina kina na upana wa sentimita 30 au zaidi, mmea mmoja ndoo moja. Mizizi haiendi chini kama karoti, ni kishina kifupi ardhini na nyuzi nyingi nyingi nyeupe zinazosambaa pande zote, kwa hiyo upana ni muhimu kuliko kina. Uzuri wa ndoo siku ya kuvuna unapindua tu unapata kila kitu. Ubaya wake inakauka haraka, usafiri siku nne kipindi cha joto bila mtu wa kumwagilia utakuta majani yamelala.

Muda wa kuchimba: mwaka wa pili, majani yakianza kunyauka na kurudi chini baridi ikikaribia. Mwaka wa kwanza unatoa shada la majani tu chini na mizizi bado ni nyuzi chache, ukichimba utapata kiganja kimoja na mmea umeua. Mwaka wa pili unataka kutoa shina la maua, na hapa uamue. Ukitaka mizizi minene KATA shina la maua linapoanza kupanda, nguvu irudi chini. Inauma kukata maua yale kwa kweli, yana harufu tamu na nyuki na vipepeo wanajaa, lakini ndo hivyo. Mimi kwenye tuta nakata yote isipokuwa mmea mmoja wa pembeni, huo nauacha uchanue na uzae, huo ndo benki yangu ya mbegu, maana kama alivyosema mzee mbegu ya hii kitu lazima iwe freshi, na mbegu ya uhakika ni ile uliyoivuna mwenyewe.

Kuchimba tumia uma wa bustani siyo jembe, jembe linakata nyuzi na dawa nyingi iko kwenye hizo nyuzi. Inua kishina chote, kung'uta, osha haraka chini ya maji yanayotiririka, usiloweke. Pale juu ya kishina utaona machipukizi madogo, kata kipande chenye chipukizi na mizizi michache kirudishe ardhini hapohapo, mwaka ujao una mmea bila kurudia habari za trei. Iliyobaki pasua ile minene kwa urefu, tandaza kwenye wavu kivulini penye hewa, au kikaushio chenye joto lisilozidi nyuzi 40, moto ukizidi mafuta yanaruka na umebaki na vijiti. Imekauka pale ukiivunja inalia kwa kukatika, ikipinda bado. Weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, kabatini gizani.

Na jiandae na harufu. Mzizi mbichi hauna shida, ukianza kukauka ndo inapanda, inatokana na asidi inayoitwa isovaleriki inayoachiwa jinsi mzizi unavyokauka na kukaa. Usikaushie chumba cha kulala. Harufu kali haimaanishi mizizi imeharibika, iliyoharibika utaona ukungu.

---

dirishani_kijani

Mama mizizi hili bandiko nimelihifadhi. Naongezea tu wadudu: vidukari wanapenda sana shina changa la maua, wapulizie maji kwa nguvu asubuhi wanaanguka, na konokono wanamaliza miche usiku. Majani yakipata unga mweupe ni ubwiriunga, mara nyingi ni mimea imebanana na mizizi ina kiu, achanisha na umwagilie chini siyo juu ya majani.

Halafu kuna jambo la kuangalia, kwa sababu inajisia sana na mbegu zinaruka na upepo, kuna sehemu imehesabiwa kuwa mmea vamizi, mfano jimbo la Connecticut kule Marekani wameipiga marufuku. Kwa hiyo kila mtu aulize utaratibu wa kwake, na kama uko karibu na mto au bonde la majimaji vichwa vya maua visiachwe vikarusha mbegu ovyo.

---

mfamasia_mpole

Mmeongea kilimo vizuri sana, naomba niweke upande wa matumizi maana dada kasema mpaka kwenye kikombe. Chai ya mizizi iliyokauka kawaida ni gramu 2 hadi 3 kwenye kikombe cha maji ya moto, unafunika dakika kumi kumi na tano, unakunywa nusu saa mpaka saa moja kabla ya kulala. Matokeo ya tafiti kuhusu usingizi yamechanganyika, kuna zilizoona nafuu na kuna ambazo hazikuona tofauti, na wanaopata nafuu wengi wanaipata taratibu baada ya kutumia wiki mbili mpaka nne, kwa hiyo mtu asitegemee kunywa leo na kulala kama kazimwa taa.

Usichanganye na pombe, wala dawa za usingizi, za wasiwasi au za kifafa bila kuongea na daktari wako, zinaweza kuongezeana nguvu. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto chini ya miaka 12 waiache. Ukishakunywa usiendeshe gari. Na kwa vile ni ya bustanini, pima kwa mizani siyo kwa kukadiria na kijiko, mizizi iliyokatwa vipande vikubwa na iliyosagwa hazilingani uzito kabisa. Kukosa usingizi kukizidi mwezi nenda ukaonwe, wakati mwingine usingizi ni dalili ya kitu kingine.

---

nasra_mitishamba

Asanteni sana wote, nimepata darasa. Paka hamjanijibu ila, na mama mizizi naomba unieleze hiyo mbegu ya mmea wa pembeni unaivunaje kabla upepo haujaondoka nayo.

---

mama_mizizi

Paka ni kweli mwanangu. Kwenye mizizi kuna kemikali, mojawapo inaitwa aktinidini, zinawavuta paka wengi, siyo wote. Atajigaragaza, atatafuna majani, na tuta jipya atalifukua kabisa maana ukisumbua mizizi wakati wa kupandikiza harufu inatoka. Haimdhuru akinusa, anayeumia ni mche. Kata wavu wa waya, utandaze chini kuzunguka mche, uupigilie vijiti pembeni, udongo kidogo juu yake, mche unapanda katikati na yeye hawezi kufukua. Miezi miwili ya kwanza ndo ya kulinda, mmea ukishika haumwi na paka. Chupa ya mizizi iliyokauka iweke asikofika, mfuko wa plastiki anautoboa.

Mbegu: maua yakinyauka angalia kila siku. Mwanzoni mbegu ni ya kijani na kile kimanyoya kimejikunja juu kama uzi uliosokotwa hukioni vizuri. Ikigeuka kahawia kimanyoya kinaanza kujifungua, hapo una siku chache tu na siku ya upepo una saa chache. Za juu zinakomaa kabla ya za chini kwa hiyo usisubiri zote. Vika kichwa cha ua mfuko, funga mdomo kwa uzi, kila jioni tikisa, zilizokomaa zinaangukia humo.

---

nasra_mitishamba

Mfuko wa plastiki au wa karatasi?

---

mama_mizizi

Karatasi au kitambaa chepesi. Plastiki inatoa jasho ndani na mbegu zinapata ukungu. Ukizitoa zianike siku mbili tatu kivulini mahali pasipo na upepo, andika tarehe kwenye bahasha, na sehemu yake isie palepale bila kusubiri.